Idjwi: Historia ya watu kutembea pamoja kisiwani

IDJWI, Kivu ya Kusini – Katika kisiwa cha Idjwi, miguu ndiyo gari la wengi. Barabara ni chache, magari ni machache zaidi, na hata pikipiki haifiki kila kilima. Mama anakwenda sokoni kwa miguu akiwa na mananasi kichwani. Mwanafunzi anapanda na kushuka kabla ya kufika darasani. Mvuvi wa sambaza anatoka ziwani alfajiri, kisha anapandisha mlima kurudi nyumbani. Kutembea ni kazi ya kila siku, na hakuna anayeisifu.

Lakini kuna mwendo mwingine. Katika likizo, au Jumapili baada ya ibada, vijana wa parokia, wa skauti, wa Xaveri, au wa kijiji tu wanakusanyika na kushika njia ya mlima. Hakuna mzigo wa kuuza, hakuna askari nyuma yao. Wanabeba bidoni ya maji, mihogo iliyochemshwa, pengine ngoma. Wanapanda, wanaimba, wanaangalia ziwa kutoka juu, wanarudi kabla ya giza. Mzee akiwauliza wanafuata nini huko mlimani, hawana jibu kubwa: wanatembea pamoja, basi.

Kwa jamaa zilizokimbia vita, jambo hilo linaweza kuonekana la ajabu. Mtoto aliyetoka Masisi au Kalehe akishikwa mkono na mama yake usiku, godoro kichwani mwa dada yake, amejifunza kwamba watu wengi wakiwa njiani pamoja, maana yake ni hatari. Kwake yeye, mstari wa watu ni mstari wa kukimbia.

Historia ya Idjwi inaonyesha kwamba hata wenyeji hawakupata bure ile raha ya kutembea pamoja kwa hiari. Kwa miaka mingi watu wa kisiwa walipanga mstari kwa sababu mtu mwingine aliwaamuru. Matembezi ya hiari yalikuja yakiwa yamechelewa, yakakatazwa, kisha yakarudi. Ndiyo sababu yanastahili kusimuliwa.

Kisiwa cha watu waliovuka maji

Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 40. Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na milima ya kisiwa inapanda juu zaidi, hasa upande wa kusini. Leo kisiwa ni wilaya moja yenye usheferi mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Wakaaji wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, wengi wao Wahavu.

Wenyeji wa kwanza wa msitu ni Wambuti, wanaoitwa pia Batwa. Wao walijua njia za msituni kabla ya watu wengine: palipo na asali, palipo na dawa, pa kupita mvua ikinyesha. Wengine walikuja baadaye kwa mtumbwi. Kuna waliotoka magharibi, upande ambao leo ni Kalehe na Bushi. Kuna waliotoka mashariki, upande ambao leo ni Rwanda. Mwanahistoria David Newbury alifanya utafiti kisiwani katika miaka ya 1970, akasikiliza masimulizi ya wazee, na mwaka wa 1991 akatoa kitabu, Kings and Clans, juu ya wafalme na koo za Idjwi. Jambo moja linaonekana wazi humo: koo za kisiwa zilitoka pande mbalimbali, zikawa watu wamoja kwa kuishi na kufanya mambo pamoja.

Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza. Mwami hakuweza kuifanya peke yake. Kila ukoo uliohusika ulikuwa na kazi yake, na bila kazi hiyo sherehe haikukamilika. Watu walitoka vilima tofauti, wakafika mahali pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Mtu ambaye babu yake alifika kwa mtumbwi kutoka ng'ambo alipewa nafasi, na nafasi hiyo ikamfanya mwenyeji.

Jamaa iliyofika juzi na furushi moja inafaa ijue hilo. Ukiacha Wambuti, karibu kila nyumba ya Idjwi ina babu aliyefika akiwa mgeni.

Njia za mfalme na za askari

Mwishoni mwa karne ya 19, njia za kisiwa zilibeba mwendo wa namna nyingine. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alivuka ziwa na jeshi lake. Kabego, mwami wa Idjwi, aliuawa, na kisiwa kikawekwa chini ya utawala wa Rwanda. Rwabugiri aliweka makao yake huko kwa vipindi. Watu walitakiwa kutoa chakula na kazi, na kupeleka mizigo mahali walipoambiwa. Rwabugiri alifariki mwaka wa 1895, akiwa katika safari ya vita upande wa magharibi. Baada ya hapo ukoo wa wami wa Idjwi ulirudi kushika utawala.

Wakati huo wazungu walikuwa wamekwisha kuliona ziwa. Mjerumani von Götzen alifika Kivu mwaka wa 1894. Muda si mrefu Wajerumani na Wabeleji wakaanza kugombania mpaka, na kila upande ukasema Idjwi ni yake. Neno lilikatwa Bruxelles, mwaka wa 1910: kisiwa kikawekwa upande wa Kongo ya Wabeleji. Watu wa kisiwa hawakuwa mezani. Maji waliyozoea kuvuka kwenda kuoa, kuuza na kuzika ndugu, sasa yalikuwa mpaka wa mataifa mawili.

Miaka minne baadaye vita ya kwanza ya dunia ilifika ziwani. Mwezi wa Septemba 1914, Wajerumani waliokuwa Rwanda waliteka Idjwi. Mwaka wa 1916 Wabeleji walikirudisha kisiwa mikononi mwao, na majeshi yao yakaendelea kuelekea Tabora. Jeshi halikwenda bila wapagazi. Kutoka pande nyingi za Kongo, watu kwa maelfu na maelfu walibebeshwa chakula, risasi na vipande vya mizinga. Wengi hawakurudi makwao.

Kutembea kwa amri

Baada ya vita, amri ziliongezeka. Sheria ya mwaka wa 1917 iliruhusu serikali ya kikoloni kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, siku hizo ziliongezwa zikafika 120. Njia zilichimbwa kwa mikono ya wanakijiji. Kisiwani kulifunguliwa mashamba makubwa ya wazungu, na wanaume walishuka na kupanda vilima kwa kengele ya msimamizi.

Kuondoka pia kulihitaji ruhusa. Mtu aliyetaka kwenda kukaa nje ya usheferi wake alipaswa kuwa na karatasi. Aliyekutwa bila karatasi alirudishwa au kuadhibiwa. Kwa hiyo mguu wa mwananchi ulifungwa mara mbili: alilazimishwa kwenda asikotaka, na akakatazwa kwenda alikotaka.

Wazee wa Kivu wanaposema kwamba zamani watu walitembea sana, inafaa kuuliza: walitembea kwa ajili ya nani? Mara nyingi jibu ni la mzigo wa mtu mwingine.

Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine

Matembezi ya vijana kwa hiari, yenye kiongozi, wimbo na kambi, yana chanzo chake kwenye kisiwa pia, ingawa ni mbali. Mwezi wa Agosti 1907, huko Uingereza, Baden-Powell, aliyekuwa mwanajeshi, alipeleka wavulana kama 20 katika kisiwa kidogo cha Brownsea. Walikaa wiki moja hivi wakijifunza kuwasha moto, kusoma alama za njia, kuogelea na kusaidia aliyeumia. Jambo lililoshangaza wakati huo ni kwamba alichanganya watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi, wakalala katika mahema mamoja. Kutoka hapo skauti ikaenea duniani. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Afrika ya Mashariki. Alifariki Kenya mwaka wa 1941 na kaburi lake liko Nyeri.

Skauti ilifika Kongo kwa mikono ya wamisionari na walimu wa Ubeleji. Mwanzoni ilikuwa na sura ya kizungu: kofia, filimbi, nyimbo za Kifaransa. Lakini watoto wa Kongo waliipenda kwa sababu moja kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kupanda mlima bila kubeba mzigo wa bwana mkubwa.

Kivu ikaongeza kitu chake. Mwaka wa 1952, huko Bukavu, padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika alianzisha harakati ya Xaveri, kwa jina la mtakatifu Fransisko Xaveri. Iliwakusanya vijana kwa ngoma, michezo, kambi, kazi za mikono na safari za miguu. Lugha ilikuwa ya watu wenyewe, na ngoma ilikuwa ya hapa. Kutoka Bukavu ilivuka mipaka ikafika Burundi, Rwanda na nchi nyingine za Afrika. Idjwi si mbali na Bukavu kwa njia ya maji, na parokia zake, kama Bumpeta kaskazini na Kashofu kusini, ni za jimbo la kanisa la Bukavu.

Kwa hiyo katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na baada ya uhuru wa Juni 30, 1960, kijana wa Kivu aliweza kutembea na wenzake kwa sababu alitaka. Jambo hilo linaonekana dogo. Kwa mtoto wa mpagazi, halikuwa dogo.

Mwaka wa 1972

Kisha likaja pigo. Rais Mobutu alikuwa ameunda chama kimoja, MPR, mwaka wa 1967. Hakutaka kijana awe na kiongozi mwingine, wimbo mwingine au bendera nyingine. Ugomvi wake na kanisa katoliki, hasa na Kardinali Malula wa Kinshasa, ulipopamba moto, mwaka wa 1972 harakati za vijana za makanisa zilipigwa marufuku. Vijana wote walihesabiwa kuwa wa JMPR, tawi la vijana la chama.

Vijana waliendelea kupanga mstari, lakini sasa kwa ajili ya kusifu. Waliimba na kucheza mbele ya viongozi, waliandamana siku za chama. Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, iliwatoa watu majumbani kwenda kusafisha njia na viwanja. Kusafisha njia si kosa, na wengine wanaikumbuka salongo kwa wema. Tatizo lilikuwa lile la zamani: asiyekuja aliadhibiwa.

Wimbo hauwezi kuzimwa wote. Waliokuwa Xaveri au skauti walibaki wazazi, walimu na wakatekista, na waliyojifunza kambini hawakuyasahau. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Harakati zikapata nafasi ya kutoka hadharani tena, na skafu zikarudi shingoni.

Ziwa lililojaa watu

Lakini furaha hiyo haikukaa muda mrefu. Mwaka wa 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa na kufika Idjwi. Walilala kandokando ya maji, mashuleni, katika mashamba. Kuni zilipungua na chakula kikapanda bei. Vita za 1996 na 1998 zilipita Goma, Kalehe na Bukavu. Kisiwa kiliponea sehemu kubwa ya mapigano, na tangu hapo kikajulikana kama mahali pa kukimbilia.

Kuponea hakukuwa utajiri. Ardhi haitoshi. Wambuti, ambao walikuwa wa kwanza kujua njia za msitu, walikuwa wamekwisha kutolewa msituni, na wengi wao leo wanaishi karibu na ziwa bila shamba lao. Msitu wenyewe umebaki vipande. Wakulima wa kahawa, kwa kukosa soko la haki upande wetu, kwa miaka mingi walivusha mifuko yao usiku kwa mtumbwi kwenda kuuza Rwanda, na kuna waliozama. Wajane wa kahawa bado wako kisiwani.

Ziwa limeendelea kuleta habari mbaya. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliharibu Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na kuua watu zaidi ya 400. Siku zilizofuata, miili ilionekana ikielea hadi karibu na Idjwi. Mwezi wa Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na kufika Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Ilijaa kupita kiasi, na ilijaa kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Mtu hapandi boti mbovu kwa kupenda.

Ndivyo jamaa nyingi zilivyofika kisiwani miaka hii: kwa boti, kwa mtumbwi, na mwisho kwa miguu hadi kwenye mlango wa mtu asiyewajua. Methali ya Kiswahili inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hapa jembe lipo na shamba halipo.

Mlima unafundisha nini

Katika hali kama hiyo, matembezi ya vijana yanaweza kuonekana mchezo wa wenye shibe. Wapo wazazi wanaosema hivyo, na hawasemi uongo: mtoto asiyekula asubuhi hapaswi kupandishwa mlima. Viongozi wenye busara wanalijua hilo. Matembezi yao ni mafupi, huanza mapema, na chakula kinachangwa na wote kulingana na uwezo, asiye na kitu akibeba maji.

Lakini tazama mtoto mgeni anachopata. Anajua chemchemi iko wapi, na ipi hukauka kiangazi. Anajua majina ya vilima, na mtu anayejua jina la kilima hapotei kirahisi. Anajua shamba hili ni la nani, na kwamba njia inapita pembeni, si katikati ya maharagwe. Anajua pwani ipi ina mteremko mkali ambapo asiyejua kuogelea asiingie. Anajua kwamba wingu jeusi likitokea mchana, watu wanashuka haraka kutoka mgongo wa mlima na hawajikingi chini ya mti ulio peke yake, kwa sababu Kivu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi.

Mwenyeji naye anapata kitu. Anapotembea nyuma ya mwenzake saa tatu nzima, huyo haitwi tena "mkimbizi". Ana jina, ana wimbo aliotoka nao Masisi, anajua kufunga kidonda. Baden-Powell aliwachanganya watoto kwenye Brownsea kwa wiki moja. Muganuro uliwachanganya watu wa Idjwi kabla yake, ukampa kila ukoo kazi. Kikundi kinachopanda mlima leo kinafuata dawa ileile: kila mtu na kazi yake, anayetangulia, anayefunga mstari, anayebeba maji, anayepiga ngoma.

Kuna wanaopaswa kuwekwa mbele ya mstari huo na bado hawawekwi. Wazee wa Wambuti wanaojua majina ya miti na njia za msitu uliobaki wanazidi kupungua. Vijana wakipanda bila wao, wanapita juu ya elimu wasiyoiona. Kumwomba mzee kama huyo aongoze, na kumlipa jasho lake kama mwalimu yeyote, ni jambo ambalo parokia, shule na usheferi wanaweza kulifanya bila kungoja mradi kutoka nje.

Na kuna ruhusa. Historia yote hii, kuanzia Rwabugiri hadi JMPR, ni historia ya watu waliopelekwa. Kwa hiyo hata jambo jema likifanywa kwa kulazimisha linarudisha jeraha. Mtoto aliyekimbia akikataa kushika mstari siku ya kwanza, aachwe akae chini na mama yake, aangalie wenzake wakipanda. Akisikia ngoma ikirudi jioni na kuona kwamba wote waliokwenda wamerudi, pengine Jumapili inayofuata atasimama mwenyewe.

Wote waliokwenda wamerudi. Kwa jamaa iliyopoteza watu njiani, maneno hayo si madogo. Ndiyo maana katika matembezi mazuri kiongozi huhesabu watu mara mbili: wanapoondoka, na wanapofika.